Bima ya ulemavu wa muda mfupi kwa sisi wa reli Marekani: nimeitumia, naipa nyota tatu na nusu

Kwanza nieleze ni bima gani, maana dada zangu wanaoniuliza kila mmoja ana picha yake kichwani. Mimi ni kondakta wa treni za mizigo hapa Kansas City, mzaliwa wa Tabora, mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa reli. Bima yenyewe ni ile ya hiari inayopatikana kupitia chama. Inakatwa kwenye mshahara pamoja na ada ya uanachama, na ukishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, kuumia nje ya kazi au uzazi, inakulipa kila wiki kwa kipindi fulani. Mimi imenilipa kwa ujauzito na upasuaji wa kujifungua, kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi 2024. Kampuni ya bima sitaitaja, ya reli pia sitaitaja, bado nakula kwao.

Wa nyumbani watashangaa kwa nini mtu aliyeajiriwa na kampuni kubwa ya reli ajinunulie mwenyewe bima ya kuugua. Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kila kipindi cha miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 nyingine kwa nusu mshahara. Mama ana siku 84 za uzazi zenye malipo, 100 akijaliwa mapacha. Wakenya nao wana siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu, na mama miezi mitatu. Marhumu baba alikuwa fundi wa reli pale Tabora, aliwahi kulazwa muda mrefu Kitete, na sikumbuki siku hata moja tuliyoambiwa mshahara haukuingia.

Huku nimekuta mengine. Desemba 1, 2022 Seneti ilipigia kura siku 7 za ugonjwa zenye malipo kwa wafanyakazi wa reli. Maseneta 52 walikubali, 43 wakakataa, na kwa kuwa zilihitajika kura 60, hoja ikaanguka. Kesho yake Rais Biden akatia sahihi sheria iliyotuwekea mkataba kwa nguvu, nyongeza ya mshahara imo, siku za ugonjwa hazimo. Nilikuwa mgeni kazini, sijamaliza hata mwaka, na kwenye chumba cha kusubiria treni wazee walikuwa wanaongea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwaka uliofuata makampuni yakaanza moja moja kukubaliana na vyama juu ya siku chache. Siku hizo zinatosha mafua. Mimba hazitoshi.

Sasa kabla hujaikodolea macho bima ya chama, ujue kuna kitu kinatangulia. Mfanyakazi wa reli Marekani hayumo kwenye hifadhi ya jamii ya watu wengine. Tuna chombo chetu, Railroad Retirement Board, makao makuu yake Chicago, sisi tunasema tu "bodi". Humo kuna posho ya ugonjwa ambayo waajiri ndio wanaoichangia, wewe hukatwi senti. Mwaka wa posho unaanza Julai 1. Mwaka nilioidai mimi, ule ulioanza Julai 2023, kiwango cha juu kilikuwa dola 87 kwa siku, zikilipwa siku 10 katika kila siku 14, jumla dola 870. Wakati huo kulikuwa na makato ya bajeti ya serikali ya asilimia 5.7, kwa hiyo ikabaki dola 820.41, na kodi hapo bado. Siku 7 za mwanzo za dai la kwanza hazilipwi kabisa. Ukiendelea kuumwa, bodi inakwenda nawe hadi siku 130 za malipo, kama wiki 26 hivi, na waliofikisha miaka 10 kwenye reli wanaongezewa.

Fomu ya kuanzia ni SI-1a, unayojaza mwenyewe, na SI-1b, anayojaza daktari. Zinatakiwa ziwafikie ndani ya siku 10 tangu siku ya kwanza unayoidai, na hapo hakuna kubembelezana. Baadaye kila wiki mbili unathibitisha kwa SI-3, unaweza kuifanyia kwenye simu huku umelala.

Wageni kazini, someni hapa mara mbili. Bodi haikuangalii leo, inaangalia mwaka wa kalenda uliopita. Na kama huo ndio mwaka wako wa kwanza kwenye reli, lazima uwe umefanya kazi angalau miezi 5 ndani yake. Mimi niliajiriwa Mei 2022, kwa hiyo 2022 ilinihesabia na Julai 2023 mlango ukafunguka. Kijana wa Kikongo aliyeingia Septemba mwaka huohuo alikuwa na miezi minne tu mpaka Desemba. Yeye mlango wake ulikuwa Julai 2024. Karibu miaka miwili mtu yuko juu ya mabehewa, akiteguka mguu nyumbani kwake, bodi haina habari naye. Kwa mtu wa namna hiyo bima ya chama ndiyo kitu pekee kilichopo, na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuisifia.

Haya, bima yenyewe. Daraja nililochukua linakata dola hamsini na kitu kwa mwezi na linalipa dola 400 kwa wiki. Ni kiasi kilichopangwa, hakifuati mshahara, kwa hiyo mwezi uliofanya kazi kama punda na mwezi uliokaa kwenye orodha ya akiba ukisubiri simu ni sawasawa. Kwa uzazi wanalipa wiki 6 baada ya kujifungua kawaida na wiki 8 kwa upasuaji, na kabla ya kujifungua wanalipa ikiwa daktari amesema huwezi tena kazi yako. Ukijiunga wakati wa kuajiriwa hawakuulizi habari za afya. Ukisubiri ukajiunga baadaye, yanaanza maswali ya shinikizo la damu, sukari, mgongo, na mimba iliyokuwepo kabla ya bima hailipwi. Nimeona dada mmoja akija kwenye mkutano wa tawi na tumbo lake la miezi minne kuulizia fomu. Kiongozi wetu alibaki anaangalia meza.

Jambo moja zuri ambalo watu hawaliamini: bima hii na posho ya bodi hazipunguzani. Nililipwa zote mbili. Kitu kinachoondoa posho ya bodi ni kulipwa mshahara, likizo au siku za ugonjwa za mwajiri kwa siku hizohizo. Na kwa kuwa ada ya bima inatoka kwenye hela iliyokwisha kukatwa kodi, malipo yake hayakatwi tena kodi ya mapato. Ya bodi inakatwa, isipokuwa kama uliumia kazini. Nikijumlisha, kila wiki mbili ilikuwa inaingia kama dola 1,600. Si mshahara wa kondakta, lakini pango la nyumba lililipwa na hela ya dawa za mama haikukosa kwenda Tabora.

Sasa tuje kwenye kilichonichefua.

Kondakta kazi yake si kukata tiketi. Treni ikiwa ndefu maili mbili, ikikatika njiani mimi ndiye nateremka na taa na redio kwenda kuangalia. Unatembea juu ya kokoto kubwa zinazogeukageuka chini ya buti, usiku, Januari kuna barafu juu yake. Kwenye yadi unapanda ngazi ya ubavuni mwa behewa, unashika chuma kwa mkono mmoja, unaongea na dereva kwa mwingine, behewa linatembea. Breki ya mkono ni gurudumu la chuma unalolizungusha mpaka bega lilie. Na kile chuma cha mdomo wa behewa kinachoshikana na mwenzake kikivunjika, unabeba kingine, karibu kilo 36, unakwenda kukibadilisha. Daktari wangu wa uzazi, mama mmoja mtaratibu sana, aliponisikia nikieleza hayo aliweka kalamu chini. Akaandika: asipande ngazi, asinyanyue zaidi ya paundi 20, asifanye kazi ya usiku kwenye ardhi isiyo sawa. Mimba ilikuwa imefika nusu.

Kampuni ya reli ilisema kwenye kituo chetu hakuna kazi nyepesi kwa kondakta. Sheria ya wajawazito kazini iliyoanza Juni 2023 inamtaka mwajiri akutafutie unafuu unaowezekana. Unafuu nilioupata mimi ni kuambiwa nikae nyumbani bila malipo.

Bodi haikunisumbua. Sheria yao ya posho ya ugonjwa inasema mfanyakazi mwanamke anahesabika mgonjwa ikiwa kwa sababu ya ujauzito, mimba kutoka au kujifungua hawezi kazi, au kazi ingemdhuru afya. Hiyo "ingemdhuru" ndiyo kila kitu. Waliiandika zamani ambapo wanawake wengi wa reli walikuwa makarani na wasafishaji, lakini ikanikuta mimi juu ya behewa la mahindi na ikanitosha.

Kampuni ya bima ikaandika barua. Kwa mujibu wao, masharti ya daktari "hayaonyeshi kutoweza kazi", na mtu anayeweza kukaa na kutembea kidogo anaweza kufanya kazi ya mezani. Kazi gani ya mezani? Ya nani? Nikafungua kijitabu cha bima, ukurasa wa maelezo ya maneno, na pale wenyewe wameandika kwamba anayelipwa ni asiyeweza kazi yake mwenyewe, ile aliyokuwa akiifanya alipoacha. Kwa hiyo barua yao ilikuwa inapingana na kitabu chao. Nilipopiga simu, kijana wa upande wa pili, mpole kweli, aliniuliza: "Kondakta si anakaa ndani ya treni, mama?" Nikajua hapo shida iko wapi.

Rufaa niliiandika kwa msaada wa kiongozi wa tawi. Tuliambatanisha karatasi ya kampuni ya reli yenyewe inayotaja mambo ambayo kondakta lazima ayaweze: kupanda, kunyanyua, kutembea kwenye kokoto, kusukuma, hali zote za hewa. Daktari akaongeza aya moja akitaja kila kipengele na kusema hiki hapana, hiki hapana. Zaidi ya mwezi umepita ndipo jibu likaja, wamekubali, na malimbikizo yote yakaingia siku moja. Ninachosema kwa anayekwenda kudai: hiyo karatasi ya kazi iende pamoja na fomu ya kwanza kabisa, kabla hawajauliza. Anayesoma faili lako hajawahi kusimama karibu na treni.

Baada ya kujifungua kwa upasuaji hapakuwa na neno. Hati ya hospitali ikaenda, wiki 8 zikalipwa moja baada ya nyingine, kila Alhamisi, bila mtu kunipigia simu. Mama alikuwa amekuja kunikanda. Aliwasha jiko la umeme la watu tangu alfajiri kuchemsha maji, taulo mbili, na uji wa pilipili manga ambao majirani wa ghorofa ya juu waliulizia harufu yake. Nikamweleza kwamba nalipwa kwa kulala. Alinitazama, akasema, "Kwani huko nyumbani wanalipwa kwa kufanya nini?" Na kweli, kwetu ingekuwa jambo la kawaida tu.

Kasoro kubwa kuliko zote, na hii wala haimo kwenye barua yoyote ya kukataliwa, ni pengo la kurudi kazini. Daktari wako anapokuandikia kwamba umepona, kampuni ya bima inafunga faili siku hiyohiyo. Bodi nayo inataka tamko la daktari kwamba bado huwezi, na daktari keshasema unaweza. Lakini reli haikurudishi kwa karatasi ya daktari wako. Lazima idara ya afya ya kampuni ikupitishe. Wao wanataka kumbukumbu za upasuaji, wanataka fomu yao wenyewe, kisha wanataka fomu ileile na sahihi ya kalamu, kisha muuguzi wao yuko likizo. Wiki zaidi ya tatu nimekaa, mzima, kidonda kimefunga, naruhusiwa na kila mtu isipokuwa mmoja, na hakuna aliyekuwa ananilipa. Mume wangu anaendesha lori. Mwezi ule alichukua safari za California ambazo huwa anazikataa.

Nimewauliza wenzangu, waliofanyiwa goti, ngiri, bega. Wote wamepita palepale. Bima inayouzwa kwa watu wa reli, kwenye mkutano wa watu wa reli, na anayeiuza ana beji yenye picha ya injini kifuani, ingepaswa kulijua pengo hili na kulilipia hata nusu. Hailijui. Kwa hilo peke yake naondoa nyota nzima. Dawa iliyopo kwa sasa ni ya kienyeji: omba fomu ya idara ya afya ya kampuni wiki mbili au tatu kabla ya tarehe ya kuruhusiwa, mpelekee daktari mapema, kumbukumbu za hospitali ziende moja kwa moja kwao, na mwombe daktari tarehe ya kuruhusiwa asiiandike mpaka wawe wamekiri kwamba wamezipokea. Madaktari wengi wanaelewa ukiwaeleza.

Wazee wa chama wanapenda kusimulia kwamba bima ilitangulia mambo ya mishahara, na ni kweli. Brotherhood of Locomotive Firemen ilianzishwa 1873 huko Port Jervis, New York, kama chama cha kusaidiana mtu akifa au akiumia, na 1883 wafunga breki wa Oneonta wakaanzisha cha kwao ndani ya behewa la nyuma la treni. Kampuni za bima za enzi hizo ziliwakimbia, mtu anayetembea juu ya paa la treni inayokwenda nani atamwekea dhamana. Ni vyama vya kufa na kuzikana tu, kama vile vya kina mama wa Tabora. Ila vile vya hapa katiba zake zilisema wazi kuwa mwanachama ni mzungu, na ikaendelea hivyo kwa miongo mingi. Kila nikiona makato yale kwenye karatasi ya mshahara huwa nacheka kidogo peke yangu.

Mambo mengine kwa haraka, maana nimeyaulizwa sana. Bima hii inalipa hela tu, hailindi kazi yako. Kazi inalindwa na sheria ya likizo ya familia ya 1993, wiki 12 bila malipo, ukiwa umemaliza mwaka na saa 1,250 kazini. Zaidi ya hapo soma mkataba wa chama. Usiichanganye na "bima ya kazi", ile inayolipa ukisimamishwa kwa nidhamu. Hiyo ni kitu kingine na inauzwa na watu wengine. Ndugu zangu mafundi wa karakana, wakaguzi wa mabehewa na wenzenu, ulizeni kwanza: ninyi mna mpango wa nyongeza ya ugonjwa uliomo kwenye mkataba wenu wa kitaifa, huenda hamhitaji daraja kubwa. Na ukiumia ukiwa kazini, hapo ni sheria ya 1908, FELA, siyo fidia ya kawaida ya wafanyakazi. Unatakiwa uonyeshe uzembe wa kampuni, na kile ulicholipwa na bodi kitarudishwa kutoka kwenye malipo utakayopata. Usitie sahihi chochote kabla ya kuzungumza na chama.

Nyota tatu na nusu, basi. Bei ni ya haki, malipo hayachelewi wakishakubali, hayagongani na ya bodi, na mgeni asiye na bodi anapata pa kushika. Wamepoteza nyota moja kwa pengo la kurudi kazini na nusu kwa barua ile ya kazi ya mezani. Ungekuwa peke yako, huna mtoto, una akiba ya miezi mitatu na umeshafika miaka 10 ya reli, ningekwambia iache. Kama una watu wanaokula kwako pande mbili za bahari, chukua daraja la kati wiki ileile unayoajiriwa, kabla dirisha la kutoulizwa afya halijafungwa.

Mimi nimebaki nayo. Kwenye mkutano wa tawi nimewasilisha pendekezo la maandishi kwamba chama kinapojadili upya na kampuni ya bima, malipo yaendelee mpaka idara ya afya ya reli imruhusu mtu, si daktari wake. Limepita kwa kunyoosha mikono na limepelekwa ngazi ya juu. Wa matawi mengine, pelekeni la kwenu pia. Maneno ya pendekezo ninayo, anayeyataka aniambie nimtumie.